Moshi wa Ng'ambo ya Dimtu

Moshi wa kwenu haukati kiu. Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo kaka yenu, aliyeacha kibarua siku ileile alipoahidiwa kazi ya mjini, nanyi mmeniuliza neno hilo limetoka wapi. Asili yake ni hii.

Zamani, katika nchi kavu ya kaskazini, alikuwako mfuga ngamia aitwaye Elema. Ukame ulipomwachia ngamia mmoja kilema, alikwenda nyanda za juu kuchunga ng'ombe wa watu, akamwacha mkewe, Talaso, ana mimba. Miaka mitatu alipokea salamu tu: umepata binti; binti ameota meno; binti anatembea. Usiku alijaribu kuiwazia sura ya mtoto huyo, nayo haikuja.

Mwaka wa nne, Tumal, kaka yake Talaso, alikuja kumchukua. "Kambi itahama mwezi ukiandama," alisema. "Tukichelewa tutakuta majivu. Na wakishazama jangwani kule, kuwapata ni bahati."

Wakashika njia ya mkato inayopita Dimtu, korongo refu la miamba myekundu ya mchanga. Siku ya nne jioni walifika ukingoni. Ng'ambo, waziwazi, moshi wa kambi ulikuwa ukipanda. Elema alisikia harufu ya vibuyu vya maziwa vikifukizwa, au alidhani anaisikia.

Sasa, watu wale walikuwa na desturi yao. Msafiri akiuona moshi wa kwao, humwaga maji yaliyobaki kibuyuni. Kuingia nyumbani na maji ya njiani ni kumwambia mkeo mbele ya watu kwamba hukutarajia hata kikombe kutoka kwake. Elema akafungua kibuyu.

"We shemeji, umerukwa na akili?" Tumal akamshika mkono. "Desturi hiyo ni ya nchi tambarare. Hapa kuna korongo katikati!"

"Nikitupa jiwe linaangukia kambini."

"Basi jitupe na wewe."

"Baki na maji yako, dada yako akucheke. Mimi nimeshaona kwangu."

Akamwaga. Mchanga ukayanywa yote.

Alfajiri wakateremka. Mwamba ulimomonyoka mikononi mwao kama mkate mkavu, wakawa wanashuka kwa makalio. Huko chini njia ilijikunja, ikabana mpaka wakapita ubavu, kisha ikaishia ukutani, nao wakarudi nyuma kutafuta nyingine. Upepo haukufika. Juu palikuwa na utepe wa mbingu tu, na moshi haukuonekana tena.

Siku ya pili kiu ilimwangusha Elema. Tumal alimpa maji yake, na kwa watu wawili yakaisha upesi. Ikabidi wafukue mchanga wa mto mkavu kwa mikono, kina cha mtu mzima, hadi maji yakaanza kuchuruzika. Kazi hiyo ikala siku nzima. Jioni, juu ya ufa wa korongo, mwezi uliandama, mwembamba kama ukucha.

Walikunywa, lakini Elema hakukubali kungoja vibuyu vijae. Wakapanda usiku kucha na asubuhi nzima.

Kambi haikuwepo. Palibaki duara za mahema, mafiga, na majivu yenye joto chini. Kando ya mafiga ya Talaso palikuwa na unyayo mdogo.

"Ni wake?" Elema aliuliza.

"Wake. Wa kushoto anaupinda ndani, kama wewe."

Elema akapiga magoti. Aliweka kiganja chake kando ya ule unyayo bila kuugusa, usije ukafutika. Unyayo ulikuwa mfupi kuliko kiganja. Alikaa hivyo mpaka jua likaanza kushuka.

Ndipo mbali, mashariki, moshi mpya ukapanda.

"Wale pale!" Tumal aliruka. "Tukienda mbio tutawakuta kabla hawajang'oa mahema tena!"

Elema aliutazama ule moshi. Kisha akaokota vibuyu vyote viwili, akaupa mgongo, akaanza kuteremka tena korongoni kuelekea lile shimo la maji.

"Shemeji! Kwenu ni huku!"

"Najua," alijibu bila kugeuka. "Lakini moshi wa kwenu haukati kiu."