Kwa Nini Mkuu wa Ndiva Husimama Majini

Wale mliowaona asubuhi wakimsema mkuu wa ndiva, naye amesimama majini kimya kama mti uliokatwa matawi, hawakumkosea adabu. Mlicheka, niliwasikia. Sogeeni basi, na huyo anayesinzia mfinyeni, maana jambo hili halikuanza kwa kicheko.

Ulikuwapo wakati mkuu wa ndiva alikaa kigodani, na hakuna aliyethubutu kumsema. Ndiva ilikuwa palepale ilipo leo, juu kilimani, bwawa la udongo lililojengwa na mababu kwa mikono yao. Mfereji uliijaza usiku kucha, na kulipopambazuka kizibo kilichomolewa, maji yakateremka kwenye mahindi na magimbi ya kila nyumba. Mwiko ulikuwa mmoja tu: hapana kugombana penye maji. Wazee walisema maji yana masikio. Yakisikia ugomvi, hukimbia.

Mkuu wa siku hizo aliitwa Mbonea. Hakuwa mtu mbaya. Bibi yangu, aliyenisimulia, alilirudia neno hilo kila mara, hakuwa mtu mbaya, mpaka nikawa najiuliza mbona analikazania. Mbonea alirithi kigoda cha baba yake angali kijana, na alichokiogopa kuliko njaa ni kuchekwa.

Katika mkutano wake wa kwanza, kando ya mfereji, alisimama mzee Mrindoko, mtu aliyeuponda udongo wa ndiva ile tangu utoto. "Mkuu," akasema, "fuko wametoboa ukuta upande wa chini. Baba yako saa hizi angekuwa keshapanda na jembe, sio kukaa hapa kama figa jikoni."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini Mbonea kile kicheko kilimwingia kama mwiba chini ya ukucha. Akanyanyuka. "Umeusema vibaya ukuta mbele ya maji. Huo ni mwiko. Lete mbuzi wa faini."

Mbuzi akaletwa, akaliwa. Mrindoko akagaiwa kipande cha shingo, akakigeuzageuza mkononi. "Afadhali mbuzi wangu," akasema. "Yeye leo ameingia ndani ya wakubwa."

Tangu hapo midomo ikafungwa. Mbonea akiuliza, "Maji vipi?" huitikiwa, "Salama, mkuu." Neno tamu hilo, na mtu hulizoea kama asali. Akaacha kupanda kilimani. Apande kuangalia nini, na keshaambiwa ni salama? Nyayo zake zikawa laini. Watu waliona nyufa, wakaziziba kwa majani, wakashuka bila kusema. Kila mmoja alijua kidogo chake, na hakuna aliyejua yote.

Chini kabisa ya ndiva aliishi Nakiete, dada yake Mbonea, aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga. Alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, na mali yake yote ilikuwa mbuzi mmoja wa maziwa. Masika yale ukuta wa jiko lake ukaota ukungu wa kijani. Uani jembe likawa linazama lenyewe. Kisha asubuhi moja maji yakachimbuka katikati ya mafiga, majivu yakaelea. Nakiete hakungoja. Akaenda kwa ndugu yake.

Alimkuta barazani na wazee. Mbonea akafurahi kumwona. "Dada! Karibu, karibu. Huko chini maji vipi?"

Nakiete akafungua kinywa. Kabla hajasema, mzee mmoja akamtania: "Mtazameni sura yake. Huyu leo katuletea mbuzi!" Baraza zima likaangua kicheko, na Mbonea naye akacheka. Nakiete akamfikiria mbuzi wake, akamfikiria na mtoto wake mdogo, ambaye hakuwa na kingine cha kunywa.

"Salama, ndugu yangu," akasema.

Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Mbonea aliliona lile tope. Hakuuliza.

Usiku huo mvua ikanyesha mpaka alfajiri. Watu walikuwa njiani kwenda kuchomoa kizibo kilima kiliponguruma, kama mawe ya kusagia yanayosagana bila nafaka. Mbonea alikimbia kwa nyayo zake laini, akaanguka, akainuka. Alipofika kwa dada yake hapakuwa na nyumba. Palikuwa na tope jekundu tu, na juu ya jiwe, mbuzi, kamba shingoni, analia akitaka kukamuliwa.

Walichimba mpaka jua likageuka. Wakawakuta wote pamoja, mama na wanawe, yule mdogo amefungwa mgongoni.

"Nani alijua?" Mbonea akauliza.

Mzee Mrindoko akasema, "Sote, mkuu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa unatuuliza habari za maji," mzee akamjibu taratibu, "na macho yako yako kwa mbuzi wetu."

Watu walingoja hasira. Mbonea akashuka mferejini, maji ya baridi yakampanda magotini. "Semeni," akasema. Wakasema. Huyu aliona ufa, yule alisikia maji yakinong'ona ukutani, mwingine alijua kizibo kimeoza. Wakaendelea na yale ya moyoni, machungu, miguu yake ikafa ganzi, naye hakujitetea hata kwa neno. Walipomaliza akachukua jembe, akatangulia kilimani. Kigoda cha baba yake kikawa kuni za matanga. Wapo waliomsamehe na wapo waliokufa hawajamsamehe, na yeye hakumwomba mtu.

Na tangu siku hiyo mkuu wa ndiva hana kigoda. Kila masika yakikaribia hupanda mwenyewe, jembe begani, akaupapasa ukuta kwa viganja. Halafu husimama majini, kila nyumba imseme, na hajibu mpaka wa mwisho amalize. Hata wewe mdogo utasema zamu yako ikifika. Na akitokea mtu, kwa woga au kwa uvivu, akajibu "Salama" upesi mno, mkuu humtazama kwanza miguu, kisha humuuliza kwa upole:

"Salama ipi, mwenzangu? Ya kweli, au ya Nakiete?"