Mkanda wa Nisindikize

Sogeeni, na wewe mwenye simu iweke mfukoni. Nina shauri lililonishinda mimi, likamshinda na mke wangu, ambaye hashindwi na kitu. Leo nawatwika ninyi.

Katika kijiji kimoja cha milimani, upande wa Mbulu, walikuwepo watu watatu. Wa kwanza ni Gwandu, mshona mikanda ya punda wa mikokoteni. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko kichwa chake, na mwenyewe alikiri. Wa pili ni Veneranda, msoma nyayo. Ng'ombe akipotea, Veneranda huinama njiani akakwambia amepita saa ngapi na kama ana mimba. Wa tatu ni Fabiani, mpiga kengele ya kanisa. Huyu hakuwa na ufundi ila mmoja tu: hakusahau. Miaka kumi na tisa kengele ililia kwa wakati wake, hata asubuhi ile aliyofiwa na baba.

Sasa mwenye shida. Bibi Akwilina, mjane, macho yalimpungua hata akawa anaona ukungu tu. Mbwa wake mzee ndiye aliyemwongoza kwa kamba, chemchemini, shambani, kanisani na kurudi. Mbwa yule akafa, akaacha mtoto mmoja jike wa miezi mitatu. Binti wa Akwilina aliyeolewa Babati akatuma neno: mama, kama huyo mtoto hatajua njia kabla ya mavuno, nakuja kukuchukua. Akwilina hakutaka kwenda. Nyuma ya nyumba ile alikuwa amemzika mume na watoto wawili, naye alitaka kuzikwa papo hapo. Akampa mtoto wa mbwa jina la Nisindikize, akaanza kumfundisha.

Alimfunga kamba shingoni, kama kila mtu. Lakini mtoto ni mtoto. Kila akiona kuku aliruka, kamba ikamkaba, akakohoa mpaka akatapika. Siku ya nne alilala chini, akagoma kutembea.

Gwandu alikisikia kile kikohozi akiwa barabarani, akashindwa kupita. Alirudi kwake kuchukua mabaki ya ngozi, akampima mtoto kwa uzi, na kabla ya jua kuzama alikuwa amemshonea mkanda wa kifuani wenye pete ya kamba mgongoni. Shingo ikawa huru. Kesho yake Akwilina na Nisindikize walifika chemchemini, na bibi wa watu akalia kwa furaha mbele ya wachota maji wote.

Ila fundi wa punda ana mazoea yake. Punda havalishwi mkanda mpaka akomae, kwa hiyo akishapimwa, amepimwa. Tena mkanda wake hulala mbele ya mabega, maana hapo ndipo penye nguvu ya kuvuta mkokoteni. Gwandu alishona vivyo hivyo. Hakukumbuka kwamba Nisindikize havuti mkokoteni, wala kwamba mtoto wa mbwa hunenepa kama boga la masika.

Wiki ya tano Veneranda alikuwa akitafuta mbuzi wa jirani kwenye njia ya chemchemi, akaona nyayo zisizompendeza. Mguu wa mbele wa kulia ulikanyaga kidogo, na hatua zilikuwa fupi. Akazifuata hadi mlangoni kwa Akwilina. Alipopitisha mkono chini ya mkanda, manyoya yalikuwa yamekwisha na bega lilikuwa limechubuka.

"Bibi, huyu hajaanza kuchechemea," alimwambia. "Ila ataanza, na akishazoea kutembea hivyo hutampata tena."

Majirani wakashauri mkanda utupwe, kamba irudi shingoni. Veneranda akakataa, akaenda kwa Gwandu. Gwandu alinuna siku mbili, maana fundi gani anapenda kukosolewa na mtu asiyejua kushika sindano? Siku ya tatu alikuja mwenyewe, akafumua kila kitu. Akashona upya: ukanda mmoja nyuma ya miguu ya mbele, mwingine kutoka shingoni ukishuka katikati ya kifua, mabega yakaachwa wazi, na matundu mengi ya kulegezea. Veneranda aliinama mavumbini akitazama hatua, akimwambia shusha, akimwambia legeza, mpaka nyayo nne zikakanyaga sawa.

Lakini matundu hayajilegezi. Fabiani akasema kila Jumamosi, akishapiga kengele ya jioni, atapita. Alipita. Alikuwa akiingiza vidole viwili chini ya mkanda. Vikipita anauacha, vikikwama anasogeza tundu moja. Ndiye aliyemzoesha Akwilina kuuvua mkanda kila wanaporudi nyumbani, kwa sababu, alisema, mtoto anayekua halali na viatu. Jumamosi moja mvua ilinyesha watu wasitoke, yeye akatoka. Akakuta ngozi ilirowa katikati ya wiki, ikakaushwa jikoni, ikajikunja na kumbana mtoto. Hata kidole kimoja hakikupita.

Mavuno yakafika, na binti naye akafika, na gari la kukodi. Nyumba ilikuwa tupu. Akasimama uani akaona mama yake akija kutoka chemchemini, ndoo kichwani, Nisindikize mbele yake akitembea kwa miguu minne mizima. Binti alikula ugali, akalala siku mbili, akarudi Babati peke yake.

Sasa sikieni. Kijijini kwao, aliyemponya mnyama wa mtu hupewa mzao wake wa kwanza. Mwaka uliofuata Nisindikize akazaa, naye alizaa mtoto mmoja tu.

Wakaja watatu. Gwandu alisema bila mkanda wake mtoto angekufa kwa kamba. Wenzake wakamkumbusha ni mkanda huohuo uliochubua bega. Veneranda alisema bila macho yake bega lingeharibika. Akajibiwa kuwa macho hayajashona kitu. Fabiani alisema yeye hadai, ila kama ni kuhesabu siku, zake ni nyingi kuliko zao wote.

Akwilina alimpapasa yule mtoto mapajani.

"Miguu yangu hii nilirudishiwa na watu watatu," alisema, "na nilichonacho ni kimoja. Nipeni mpaka Jumamosi."

Mke wangu alianza kwa Veneranda, akahamia kwa Fabiani, na jana nimemkuta anamtetea Gwandu. Mtoto wa Nisindikize kifua chake bado kitupu, hajavishwa mkanda, na Jumamosi ni kesho kutwa. Haya, wewe uliyetulia hapo: kengele ikilia na Akwilina akinyoosha mikono, utamwambia amkabidhi nani?