Joho la Atakayeirudisha Sauti

Tegeni masikio, wanangu, maana mwishoni nitawauliza nyinyi.

Mwanatumu wa Mambrui alikuwa na mashemeji watatu. Famau alijua kutambua ugonjwa wa mashine. Shekuwe alijua kutafuta kitu mpaka akipate. Mzamili, dereva wa tuktuk, alijua kuogopa mapema.

Mume wa Mwanatumu alipofariki, aliacha kompyuta yenye sauti yake akimwimbia binti yao. Nakala nyingine haikuwapo. Siku moja kompyuta iliuliza kama iwekewe mfumo mpya. Mwanatumu akabonyeza "ndiyo", ili tu inyamaze. Ikafika nusu, ikazima, ikaanza upya, ikazima tena. Hakulia. Aliitazama kama mtu anavyotazama ukuta.

Siku ya arobaini alikuwa bado yumo katika eda, kwa hiyo alikaa nyuma ya pazia huku mashemeji wakihangaika sebuleni. Kwao, siku hiyo nguo za marehemu hugawiwa. Joho la harusi la marehemu lilikuwa mapajani mwake.

"Atakayeirudisha sauti, joho ni lake," alisema.

"Mfumo mpya hauna kosa," alisema Famau. "Ndani ya ubao mkuu wa kompyuta mna programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya yote. Imezeeka, haielewani na huyu mgeni. Tuisasishe hiyo kwanza."

Shekuwe akaipindua kompyuta, akasoma namba ya aina yake iliyofifia, akapekua tovuti ya watengenezaji. Programu mbili zilifanana na hiyo, akazikataa. "Ukiweka isiyo yake, umeiua." Akaipata yenyewe, akaitia kwenye flashi.

"Ngojeni," alisema Mzamili. "Umeme ukikatika katikati, je? Betri yake imekufa."

"Mwoga we!" Shekuwe akamcheka. "Hata harusini kwako ulibeba mwavuli!"

"Na mvua haikunyesha?" Akaenda kuleta betri yake ya sola na inveta, akachomeka.

Kazi ikiwa katikati, umeme ukakatika mtaa mzima. Kompyuta haikuzima.

Mfumo mpya ukaingia. Marehemu akaimba. Binti akacheka. Mwanatumu alisikia kila neno, lakini moyoni hamkuwa na kitu. Vidole tu vililibana joho.

"Shemeji," Famau akaita, "bila mimi wangetibu ugonjwa gani?"

"Na dawa ungeitoa wapi?" akauliza Shekuwe.

"Mngekuwa mnaizika sasa hivi," akasema Mzamili.

Mwanatumu akapenyeza mkono nje ya pazia, joho likining'inia. Akasikia nyayo za watu watatu zikisogea.

Je, wewe ungekuwa yeye, ungeliachia mkononi mwa nani?