Ufunguo wa Chumba cha Nyuma

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana mabati yalikuwa yameshafika na yameshaanza kuvuja, palikuwa na ghala la pareto katika mji mmoja wa milimani ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Pareto ilipokosa soko, ghala likaachwa. Mwanamke mmoja, Mama Subilaga, akaomba alitumie. Akatandika mikeka, akabandika sufuria ya uji, akakaa kwenye kiti mlangoni. Asiye na pa kulala akaingia.

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi zake. Anayeingia hupewa kikombe, na msumari ukutani wa kukitundika. Haulizwi ametoka wapi, atasema akitaka. Anayepata kazi na pa kuishi huondoka na kikombe chake. Kikombe kikibaki ukutani, watu hujua mwenyewe atarudi.

Kwenye ukumbi mkubwa wa ghala watu walilala na viatu chini ya kichwa, kwa sababu viatu vya aliyelala vizuri havikuonekana asubuhi. Wengine walikohoa, watoto walilia. Mtu aliamka amechoka kuliko alivyolala, na mtu wa namna hiyo hadumu kazini.

Lakini nyuma ya ghala palikuwa na chumba. Kitanda kimoja, mlango mmoja, kufuli moja. Aliyekipata alilala, na aliyelala aliweza kufanya kazi, na aliyefanya kazi siku moja aliondoka. Siku hiyo alimkabidhi ufunguo mtu aliyemnyanyua. Mama Subilaga hakuchagua.

"Nikichagua mimi mtasema napendelea," alisema. "Achague anayetoka. Yeye ndiye anayejua nani alimshika mkono."

Asipomkabidhi mtu, chumba kilifungwa mpaka atokee mwingine wa kuondoka. Na kuondoka kutoka ukumbini kulikuwa jambo la nadra.

Asubuhi moja zamu ya kuondoka ikamfikia Ambakisye, fundi seremala aliyekuwa akilala chumba hicho. Alikuwa amefiwa na mke, akanywa, na katika kunywa akapoteza karakana, nyumba na ndugu. Sasa alikuwa amepata kazi kwa tajiri mmoja anayetengeneza madawati, na alikuwa amepanga chumba mjini. Gari la tajiri lilikuwa nje, dereva anapiga honi. Kikombe kilikuwa mfukoni. Ufunguo ulikuwa mkononi.

Mzee Lugano akasimama. Zamani alikuwa mbeba mizigo wa soko la ndizi.

"Mwanangu, unaukumbuka mtaro wa stendi?"

"Siukumbuki, mzee. Nilikuwa nimelewa."

"Basi mimi naukumbuka kwa niaba yako. Watu walikuwa wanakuruka kama dimbwi. Mvua inakuingia mdomoni. Nikashusha ndizi za watu, nikakupakia wewe kwenye mkokoteni, nikakuleta hapa. Kurudi, ndizi zimeibwa. Mwenye ndizi akanifukuza, akawaambia na wenzake wasinipe mzigo. Nilikuja hapa kukuleta wewe, nikaishia kutundika kikombe changu. Bila mimi wangekuzika watu wa halmashauri."

"Sasa unataka nini, mzee?"

"Nataka nilale viatu vikiwa sakafuni. Basi."

Watu wakasema: Kweli. Chumba ni cha mzee Lugano.

Sekela akasimama. Yeye ndiye aliyepika uji, na jino lake la mbele lilikuwa limevunjika nusu.

"Mzee alileta mzigo," akasema. "Aliyekaa na mzigo ni mimi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nani alimwaga gongo yako, kaka?"

"Wewe, dada."

"Ukanifanya nini?"

Ambakisye akatazama chini.

"Sema, Mama asikie."

"Nilikupiga."

"Kwa mwiko wangu mwenyewe. Na sheria ya nyumba hii tunaijua wote: anayempiga mtu hutoka siku hiyohiyo. Nikamwambia Mama nimeteleza kwenye sakafu."

Mama Subilaga akageuka pale kwenye kiti, akamtazama Sekela mdomoni.

"Ningesema, ungerudi mtaroni," Sekela akaendelea. "Nikanyamaza. Ulitetemeka, ukatapika, nikakunywesha uji mwepesi kwa kijiko mpaka ukaacha kutetemeka. Mpaka leo nikicheka naziba mdomo. Na bado nalala ukumbini, mwanamume akipita karibu nashtuka. Nataka mlango ninaoufunga mimi."

Watu wakasema: Kweli. Chumba ni cha Sekela.

Gwakisa akasimama. Yeye pia alikuwa seremala. Alikuwa ametoka jela, jambo alilolisema mwenyewe kabla wengine hawajalisema.

"Mzee kamtoa mtaroni. Dada kamtoa kwenye pombe. Nani kamtoa humu ndani?"

Akamgeukia Ambakisye.

"Tajiri wa madawati alipokuja kutafuta fundi, alimwona nani anapiga randa?"

"Wewe," akasema Ambakisye.

"Akamtaka nani?"

"Wewe."

"Nikamwambia, bosi, yupo anayenizidi. Nikamleta kwako. Na uongo ule utanihukumu, maana hunizidi. Randa yako inakwaruza."

Hapo hata Ambakisye akacheka.

"Kwa nini hukuichukua kazi mwenyewe?" Sekela akauliza.

"Nimeshaajiriwa huko nje, wakasikia jela, nikafukuzwa. Nikaajiriwa tena, wakasikia, nikafukuzwa tena. Labda huyu asingenifukuza. Sijui. Nimechoka kusubiri wasikie. Chumba cha humu hakiulizi. Nikasema nimpe Ambakisye kazi, na yeye anipe ufunguo."

"Kumbe ulikuwa unanunua!" mzee Lugano akafoka.

"Nilikuwa nanunua, mzee, ndiyo. Wewe ulimbeba bure, dada akavunjwa jino bure, na wote wawili mmesimama hapa mnadai. Mimi nilidai mapema tu."

Watu wakasema: Kweli. Chumba ni cha Gwakisa.

Honi ikalia. "Fundi! Mimi naondoka!" dereva akapaza sauti.

"Mlale kwa zamu," Ambakisye akasema. "Leo huyu, kesho yule."

"Chumba cha zamu ni ukumbi mwingine," Mama Subilaga akajibu. "Viatu utaviacha sakafuni, kesho uvikute kwa nani?"

"Mama, nisaidie. Ingekuwa wewe, ungempa nani?"

"Mimi? Ningejipa mimi."

Watu wakacheka. Halafu wakaona Mama hacheki, wakaacha.

"Nimelala kwenye kiti hiki tangu mlango huu ufunguliwe," akasema. "Miguu imevimba, viatu haviingii. Wote walioondoka hapa walinishukuru. Hakuna aliyewahi kuniuliza, Mama, wewe unalala wapi? Nisingekaa hapa mlangoni, mzee angekupeleka wapi na mkokoteni wake? Dada angekupikia uji wapi?" Akavuta kanga mabegani. "Lakini mimi sijaomba. Chagua, gari lisikuache."

Safari hii watu hawakusema kitu. Mvua ikasikika kwenye mabati.

Ambakisye akawatazama. Mzee Lugano alikuwa ameshavua viatu, amevishika mkononi. Sekela alikuwa amefumba mdomo. Gwakisa alikuwa anatazama ukuta, kwenye vikombe. Mama Subilaga alikuwa amefunga macho pale kitini, na hakuna aliyejua kama amelala au anasubiri.

Gari likaanza kunguruma. Ambakisye akanyoosha mkono wenye ufunguo.

Wanaoisimulia habari hii pale ghalani hukomea hapo. Anayeingia bado haulizwi ametoka wapi. Hupewa kikombe, huonyeshwa msumari wake, na akishamaliza uji wa kwanza huulizwa jambo moja tu, nami nawauliza nyinyi mliosikiliza: ufunguo ule ungekuwa mkononi mwenu, mngemkabidhi nani?