Mikono Yote ya Kushoto

Paukwa!

Pakawa!

Mkeka?

Wa mwenye kunyamaza.

Uzi?

Wa mwenye kuwahi.

We Shaibu, umeguna nini? Nimekuona. Hata mdomo sijafungua, umeshaamua bibi anadanganya. Mazimwi hayangoji wewe uyaamini. Kaa kitako, kunja miguu, usinikatize.

Basi, palikuwa na mji, na katika mji huo ndoa haikufungwa mpaka mdogo wa bibi harusi amtoe dada yake chumbani, amemshika mkono. Na siku hiyo sharti avae gauni jipya alilolishona mwenyewe. Si la kuazima, si la kununua, si la kushonewa. Akilikosa, bwana harusi hurudi kwao na ndoa imekufa. Hapana mjadala.

Mashavu alikuwa na dada mmoja tu, Mwanakombo. Hariri ya kijani ya gauni lake Mashavu alipewa mwezi mzima kabla ya harusi ya dada yake.

"Mashavu, gauni?" mama yake akauliza.

"Bado, mama. Kesho."

Wiki ikapita. "Mashavu, gauni?"

"Bado, mama. Kesho."

Wiki nyingine ikapita. "Mashavu, gauni?"

"Bado, mama! Kigauni kimoja kitanishinda mimi?"

Alikuwa na mkono mwepesi, na alikuwa akijijua. Hapo ndipo alipoharibikiwa.

Siku ya harusi, asubuhi, ndipo akashika mkasi. Akakata mbio mbio, na alipofika kwenye mikono akasahau kugeuza kitambaa. Akakata mikono miwili, yote ya kushoto. Na hariri imekwisha.

Shangazi yake, Bi Tabu, akachungulia. "He! Yote ya kushoto? Pachika hivyo hivyo, mwanangu. Utachekwa leo, kesho wamesahau."

"Nichekwe mimi? Bora nife!"

Maneno hayo hayasemwi ovyo. Wapo wanaosikiliza.

Akalikunja gauni lake kwapani, sindano imechomekwa humo humo na uzi wake wa kijani, akatoka kutafuta kitambaa. Maduka yote yamefungwa, watu wako harusini. Mwisho wa mtaa, mahali palipokuwa kiwanja kitupu jana, akakuta nyumba. Mlango wazi. Ndani amekaa bibi kizee nyuma ya meza ya kukatia, miguu kaificha chini.

"Mjukuu wangu, kitambaa kimepungua?"

"Umejuaje, bibi?"

"Wasichana wa kuchelewa ndio wageni wangu. Ninacho cheupe, laini, cha gauni zima. Sitaki malipo. Ushone hapa hapa tu, kwa uzi wangu."

Akampima. Hakumpima kifua, hakumpima kiuno. Alimlaza mkekani, akampima kwa kamba toka utosini mpaka kisiginoni, basi. Mashavu aliona ajabu, lakini ngoma za harusi zilishaanza kulia. Akanyamaza, akashona.

Bibi akaimba:

"Shona, mwanangu, shona,
jua linakwenda, shona."

Akamaliza pindo. Miguu ikafa ganzi. Akasema ni kukaa sana.

"Shona, mwanangu, shona."

Akamaliza ubavu. Tumbo likawa baridi. Akasema ni njaa.

"Shona, mwanangu, shona."

Akafika shingoni. Akapiga fundo kwenye uzi, likafumuka. Akapiga la pili, likafumuka. Akapiga la tatu, likafumuka. Ndipo akaiweka sindano chini. Mshonaji yeyote anaijua nguo inayopimwa kwa kamba na isiyotiwa fundo. Ni moja tu, na mwenye kuivaa huvalishwa na wengine.

Akainua macho. Ukutani yalining'inia magauni meupe, yote shingo zimeshonwa zikazibwa. Akanyoosha mkono, akafunua pindo la lililo karibu. Ndani nywele tu, zimesukwa vizuri za harusi.

"Mbona umeacha?" bibi akauliza, na sauti ikatokea kisogoni kwake. Chini ya meza kwato zikagonga sakafu: ko! ko! ko!

Mashavu akalishika gauni jeupe shingoni.

"Bibi, shingo haishonwi mezani. Lazima mtu alivae, nione linavyokaa. Mimi siwezi kulivaa na kulishona. Livae wewe kidogo."

"Mimi?"

"Kwani hujawahi kuvaa jipya?"

Zimwi likalitazama gauni. Miaka yote linashonesha watu, lenyewe halijawahi kushonewa hata kitambaa cha kichwa. Likacheka kwa kinywa cha mbele na cha kisogoni.

"Nitapendeza?"

"Wataona wivu, bibi. Inama."

Likainama. Mashavu akalivuta gauni likapita utosi wa zimwi, akachomoa sindano yake mwenyewe, yenye uzi wake wa kijani, akashona.

"Mbona giza?"

"Bado, bibi."

"Mbona joto?"

"Bado, bibi."

"Mbona sipati pumzi?"

"Bado, bibi. Bado kidogo tu."

Akapiga fundo, likakaza. Akakata uzi kwa meno. Ganzi ikamtoka miguuni.

Hapo gauni jeupe likaanza kusema kwa sauti ya mama yake. "Mashavu, mwanangu, ni mimi. Nifumue." Kisha kwa sauti ya Mwanakombo. "Mdogo wangu, nakufa. Nifumue." Machozi yakamtoka Mashavu, lakini mkono haukusimama. Aliivuta hariri yake, akapachika mkono wa kushoto kushoto, na mkono wa kushoto kulia, huku linamlilia. Akalivaa gauni lake la kijani.

Mnataka funzo? Shona mapema. Na ukichelewa, vaa ulichokishona na uwaache wacheke. Sijaona aliyezikwa kwa kuchekwa.

Hadithi yangu imebakiwa na hatua chache tu, nazo ni hizi: Mashavu akanyanyuka, bega moja limepinda, sauti ya mama yake inamwita kwa jina mgongoni. Hakugeuka. Akatoka kuzifuata ngoma za harusi, akafunga mlango.