Lango la Ghuba

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kuyasema hayo ni rahisi. Shughuli huanza siku msumeno unapomfikia mkubwa.

Mlinzi wa ghuba alikuwa mwanamke mwembamba asiyepepesa macho. Gari halikuruhusiwa kuvuka lango lake, kwa kuwa magurudumu huua majani yatambaayo juu ya vilima vya mchanga, na mchanga usio na majani hupeperuka wote. Mwaka uliopita mama yake mzazi, mwenye magoti mabovu, alikuja kwa gari la kukodi ayaone majabali meupe ya ufukweni. Binti hakufungua. Alimbeba mgongoni mpaka ufukweni. Tangu siku hiyo mama alimnunia, akawa anamjibu kwa mkato.

Jumamosi moja ukafika msafara wa arusi, honi juu ya honi. Mbele alikuwa mkurugenzi wa hifadhi, bosi wake, aliyetaka bintiye apigwe picha chini ya majabali.

"Fungua, dada. Leo ni siku ya mwanangu."

"Hongera, mzee. Gari mwisho hapa."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiye aliyetia saini kibao hicho cha kuzuia magari."

"Kazi huitaki?"

"Naitaka sana, nina mama wa kumlisha." Hakusogea langoni. "Mama huyohuyo nilimzuia hapahapa. Nikikufungulia wewe, nitamtazama kwa macho gani?"

"Lete beji."

Akaibandua kifuani, akampa. Ufunguo akautia mfukoni. "Beji chukua. Ufunguo nitamkabidhi mlinzi utakayemleta. Akufungulie yeye, kama ana uso huo."

Bibi arusi akashuka, viatu mkononi, gauni amelikunja. "Baba, mimi natembea. Wewe baki na magari." Akashika kijia cha miguu kando ya lango, na bwana arusi, wapiga picha na mashangazi wakamfuata wakicheka.

Mkurugenzi alisimama juani na dereva wake. Mwishowe akapandisha suruali, akamrudishia mlinzi beji, akapita. Viatu vyake vya kung'aa vilijaa mchanga.

Jioni mlinzi alimsimulia mama yake. Mama akasikiliza hadi mwisho.

"Na yeye ulimbeba?"

"Sikumbeba."

"Kumbe mimi nilipendelewa." Mama akacheka, akamsogezea kiti. "Kaa, mwanangu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma."