Kibanda Kilichoharibu Mandhari

Watu wengi huitumia methali ya macho hayana pazia kwa mzaha, pale kijana anapomkodolea macho binti wa watu sokoni hata akasahau alichofuata. Maana yake ni nzito kuliko mzaha huo. Mdomo waweza kufungwa kwa amri, na mguu ukapangiwa njia ya kupita, lakini jicho huliona lililo mbele yake, mwenyewe atake asitake. Mdoe wa Kwemdimu aliyajua hayo maji yalipokwisha kumwagika.

Ilikuwa miaka ile ya Operesheni Vijiji, watu wa Handeni walipotolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kupelekwa kuishi pamoja kandokando ya barabara. Mdoe alikuwa karani wa ofisi moja ya utalii mjini Korogwe. Mkuu wake, Ndugu Habakuki, Msambaa mrefu mwenye sauti ya ngoma, alikuwa na ndoto ya kujenga nyumba ya wageni juu ya kilima cha Kwemdimu. Kutoka pale mtu aliliona bonde la Pangani limelala kijani kama mkeka mpya, na ng'ambo yake milima ya Usambara imejipanga, vilele vimepigwa kilemba cha ukungu.

Makao makuu hayakutaka sifa za maneno, yalitaka ushahidi. Ndipo akaletwa Bernadina, mtaalamu kijana aliyesomea ng'ambo, pamoja na mashine ya kupima macho. Mgeni aliketi akaegemeza kidevu, taa ndogo ikammulika mboni, na kamera ikapiga filamu ya mandhari yaliyo mbele yake. Filamu ilipooneshwa ukutani, nukta nyeupe ilitembea juu ya picha, ikifuata kila mahali jicho lilipokwenda na lilipotua. Basi watalii waliokuwa wakielekea pwani wakasimamishwa kilimani, wakapimwa, kisha wakaulizwa wamependa nini. Wote kwa kauli moja walisifu milima.

Siku ya kuitazama filamu, madirisha ya ofisi yalizibwa kwa magunia ya mkonge. Nukta ilianzia vileleni, ikateremka bondeni, halafu ikaenda pembeni, chini ya kilima, ikatulia. Ikakimbilia milimani kama mtu aliyefumaniwa, na mara ikarudi palepale. Wageni waliofuata walikuwa vivyo hivyo.

"Pana nini pale?" Habakuki akauliza.

Bernadina akasogea ukutani. "Kibanda, Ndugu. Kimezungukwa na mahame yaliyoungua. Na kuna mtu ameketi mlangoni."

Mdoe hakuhitaji kusogea. Katika kibanda kile ndimo alimolelewa baada ya mama yake kufariki, na aliyeketi mlangoni alikuwa shangazi yake, Bi Zamda. Majirani walipopelekwa kijiji kipya karibu na Mkata, Bi Zamda alikataa kuyaacha makaburi ya mumewe na wanawe. Mgambo wakamhurumia, wakajifanya hawakumwona.

"Kiondolewe," Habakuki akaamuru. "Mgeni anakuja kutazama milima, haji kutazama umaskini wetu. Mdoe, wewe si mtu wa huko? Unamfahamu huyo?"

Ofisi ilikuwa inatafuta meneja wa nyumba ile ya wageni, na jina la Mdoe lilikwisha kutajwatajwa.

"Namfahamu kwa mbali," akajibu.

Alikwenda mwenyewe kumshawishi, akijiliwaza kwamba ni afadhali shangazi aambiwe na wa kwake. Alimkuta akitwanga makopa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa basi. Mbona umekonda, huko mjini hamli?"

Mdoe hakukaa. Alimweleza habari za wageni, kilima na mashine. Bi Zamda alisikiliza, mchi mkononi.

"Kibanda changu mbuzi anakiruka, Mdoe. Mimi na mlima ule, nani amemziba mwenziwe?"

"Si kuziba, shangazi. Wakitazama, macho yao yanakuja hapa."

"Basi wana macho mazima, alhamdulillahi. Kosa langu ni lipi?"

Mdoe akaokota uongo. "Ni kwa muda tu. Utajengewa nyumba ya bati kule. Nitaisimamia mwenyewe."

Bi Zamda akamtazama, kisha akaulaza mchi chini taratibu. "Wangesema wengine ningekataa. Umesema wewe, nitakwenda."

Lori lilimchukua masika yakikaribia. Nyumba ya bati haikuwapo. Alioneshwa kiwanja chenye vigingi vitupu, akajibanza chini ya matawi na turubai la kuazima, mvua ikamnyea kama mti. Mdoe kila mara alisema atakwenda wiki ijayo, na kila wiki kazi za kilimani zikampa kisingizio. Kichomi hakikungoja wiki ijayo. Mdoe alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, mbali na makaburi ambayo marehemu alikataa kuyaacha.

Jirani mmoja, Mashavu, hakumpa mkono. "Alikuwa akituambia mwanawe anakuja kumjengea," alisema, akaingia ndani kwake.

Kiangazi kilipoingia watalii walipimwa upya. Kibanda kilikuwa kimechomwa na jivu kufagiliwa. Habakuki aliketi mbele ya ukuta akitabasamu, lakini nukta ikashuka kutoka vileleni, ikaenda pembeni kama awali. Pale palipokuwa na kibanda palibaki duara la udongo mwekundu lililokataa kuota hata jani, na nyuma yake makaburi yalionekana waziwazi. Safari hii macho ya wageni yalikawia zaidi.

"Pandeni maua!" Habakuki aling'aka.

"Watayatazama maua, Ndugu, na kuuliza yamefunika nini," Bernadina akasema.

Kesho yake kilimani Bernadina alitaka kuirekebisha mashine, akamwomba Mdoe aketi kitini. Mdoe aliapa moyoni kwamba atatazama milima tu. Akaukaza uso, akauma meno. Filamu iliporudi kutoka kusafishwa, nukta ilikuwa imegota kwenye udongo mwekundu kama msumari, wala haikuigusa milima.

Bernadina akamgeukia. "Yule mama alikuwa nani wako?"

"Alikuwa mama yangu," Mdoe alisema.

Hakuna aliyemfukuza kazi. Nyumba ya wageni ilijengwa, na umeneja akapewa yeye. Kila asubuhi aliwatoa wageni barazani, akawanyooshea kidole milima ya Usambara na kuisifu kwa maneno matamu. Kidole chake kilielekea juu, na macho yake yaliteremka yenyewe chini ya kilima. Aliweza kumshawishi shangazi yake ahame na kukiacha kibanda kichomwe, lakini macho yake mwenyewe hakuweza kuyaamuru, kwa kuwa macho hayana pazia.